Kuwinda kindi wa kijivu Uingereza kwa bunduki ya upepo: mwongozo kwa anayeanza

Wakuu, hii ni kwa aliyeko England au Wales ambaye ana bunduki ya upepo au anafikiria kununua, na kuna mkulima au mwenye msitu kamwambia njoo unipunguzie hawa kindi. Kama upo Tanzania au Kenya soma tu kwa kujifurahisha ila usijaribu, Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977 na Tanzania huwezi kuua mnyamapori bila leseni, na ukisema ni kindi tu hakuna askari wa wanyamapori atakayekuelewa.

Sasa kwanini hapa wanaruhusu? Kindi wa kijivu sio wa hapa, katoka Amerika Kaskazini. Matajiri walikuwa wanawaleta kama pambo la bustani, na wa kwanza wanaojulikana kuachiwa ni 1876 kule Henbury, Cheshire. Wakazaana. Makadirio ya 2018 yalisema wapo kama milioni 2.7, wakati yule mwekundu ambaye ndio mwenyeji wamebaki kama laki 3 hivi, wengi wao Scotland. Kijivu anabeba ugonjwa wa ndui ya kindi ambao yeye haumsumbui sana ila mwekundu unamuua, alafu anabandua magome ya miti michanga, hasa miti ya umri wa miaka 10 mpaka 40, bichi na mwaloni ndio anaipenda, mti unakufa au unaoza ndani na mwenye msitu anahesabu hasara. Ndio maana hana msimu wa kufungiwa, unaruhusiwa kumuua mwaka mzima.

Kitu kimoja kishike kabla hatujaanza. Sehemu ya kumuua kindi papo hapo ni ndogo kuliko sarafu ya peni 2, yaani chini ya sentimita 2 na nusu, na bunduki yako haina nguvu ya kukusaidia ukikosea. Bunduki kubwa ukikosea kidogo mnyama bado anaanguka, hii ukikosea kidogo kindi anapanda juu ya mti na tumbo limetoboka, anaingia kwenye tundu lake anakufa taratibu kwa siku mbili. Karibu kila nitakachosema huko chini kinarudi hapo.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, bunduki baadaye

Kununua lazima uwe na miaka 18. England na Wales bunduki ya upepo isiyozidi futi-paundi 12 za nguvu mdomoni mwa mtutu (karibu joule 16) haihitaji cheti, ikizidi hapo hata kidogo inahesabiwa silaha ya moto kamili na ukikutwa nayo bila cheti ni jela, kwahiyo yule fundi wa mtaani anayekwambia nitakuongezea nguvu mwambie asante sana. Scotland ni hadithi nyingine, tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti cha polisi hata kwa hizi za nguvu ndogo, na Northern Ireland ni ngumu zaidi. Na kama ulishawahi kufungwa jela miezi mitatu au zaidi, sheria inakukataza kugusa silaha kwa miaka mitano baada ya kutoka, na kama kifungo kilikuwa miaka mitatu na kuendelea basi ni maisha yako yote, na bunduki ya upepo imo humo humo. Watu wengi hawajui hili.

Ruhusa ya ardhi iombe kwa maandishi. Sio "mkulima aliniambia sawa tu siku ile", hapana, karatasi yenye jina lake, jina lako, mipaka ya eneo na wanyama anaotaka uwapige, na sahihi. Kuingia kwenye ardhi ya mtu na bunduki bila ruhusa ni kosa la jinai hapa, haijalishi haina risasi. Bustani za umma, kingo za mifereji, msitu wa halmashauri, vyote hivyo havina mjadala, usipige. Na risasi yako ikivuka mpaka wa ardhi uliyopewa ni kosa pia hata kama haikumgusa mtu.

Muulize mkulima njia za umma zinapita wapi, maana hapa kuna njia za waenda kwa miguu zinazokatiza katikati ya shamba la mtu na mama mwenye mbwa ana haki yote ya kupita hapo saa kumi na mbili asubuhi. Ukipiga ndani ya mita 15 kutoka katikati ya barabara ya umma na ukamjeruhi, ukamhatarisha au ukamkatizia safari anayepita, ni kesi.

Niongeze na hili ambalo vitabu vyao hawaliandiki. Sisi ngozi yetu inaonekana, mtu mweusi kavaa nguo za kijeshi kashika bunduki kwenye kijiji cha watu mia mbili, kuna mtu atapiga simu polisi na wewe unajua hivyo. Kwahiyo nguo za kijani au kahawia za kawaida zinatosha, kofia ya kuziba uso wote achana nayo, ile karatasi ya ruhusa iwe mfukoni, mwombe mkulima akutambulishe kwa majirani hata kwa kuwapungia mkono tu. Wapo wanaopiga 101, namba ya polisi isiyo ya dharura, kabla ya kuanza na kuwaambia polisi nipo sehemu fulani mpaka saa fulani na ruhusa ninayo, sheria haikulazimishi ila mimi naona ni dakika tano zinazokuokolea asubuhi nzima. Polisi wakija, weka bunduki chini taratibu, simama mbali nayo mikono ikionekana, maongezi baadaye.

Bima nayo. Ukijiunga na chama cha wapiga bunduki kama BASC unapata bima ya kumlipa mtu ukimdhuru au ukiharibu mali, na wakulima wengi ndio kitu cha kwanza wanauliza.

Hatua ya 2: Bunduki yenyewe

Kuna za springi na kuna za mtungi wa hewa. Springi ni bei nafuu, huhitaji pampu wala kitu, ila inaruka mkononi wakati wa kufyatua na inachukua muda kuizoea. Ya hewa iliyojazwa haichezi kabisa, kila mtu anapiga vizuri nayo mapema, ila unahitaji mtungi kama wa wazamiaji au pampu ya mkono ya kukutoa jasho, na gharama inapanda. Kama mfuko unaruhusu chukua ya hewa, kwa kindi uthabiti ni kila kitu.

Kipenyo cha mtutu kwa inchi, watu wanabishana sana kuhusu .177 na .22. Kwa nguvu ile ile ya futi-paundi 12, peleti (kirisasi kidogo cha bunduki ya upepo) ya .177 inatoka kama mita 240 kwa sekunde na inaenda imenyooka zaidi, ya .22 ni nzito na pole pole, kama mita 175 hivi, inashuka haraka ila ikifika inagonga zaidi. Zote zinaua kindi zikigonga mahali pake. Anayeanza namshauri .177 sababu makosa ya kukadiria umbali hayamwadhibu sana. Peleti ziwe za kichwa cha duara, zile za kichwa bapa ni za kutoboa karatasi na zile zenye ncha zinauzwa kwa maneno mengi tu. Jaribu aina mbili tatu, kila mtutu una peleti unayoipenda.

Hatua ya 3: Karatasi ya shabaha, kwa wiki nyingi

Hapa ndipo watu wanaruka na ndipo kindi wanateseka. Tafuta klabu ya shabaha au sehemu ya shamba yenye tuta la udongo, seti darubini yako kwa mita 25 au 27, alafu pima bunduki inapiga wapi kwa mita 10, 15, 20, 30, uandike kabisa kwenye kikaratasi ubandike kwenye kitako. Utashangaa kwamba ukiwa karibu sana, mita 8 hivi, peleti inapiga chini ya msalaba wa darubini, sio juu, sababu darubini ipo sentimita kama 4 juu ya mtutu na peleti bado haijapanda kukutana na jicho lako.

Kipimo changu ni hiki: peleti tano mfululizo ndani ya sarafu ya peni 2, na sio umelalia meza yenye mito, hapana, umekaa chini mgongo kwenye mti, umepiga goti, umesimama umeegemea shina, mikono ina baridi, vile utakavyokuwa msituni. Umbali unaoweza kufanya hivyo kila mara ndio umbali wako, basi. Ukiweza mita 18 tu, wewe ni mtu wa mita 18. Wapo wanaojisifu mita 45, waache. Mimi hata siku nzuri isiyo na upepo sipendi kuvuka 30, na peleti ya nusu gramu upepo unaisukuma kiasi ambacho huwezi kukisia kwa macho.

Usalama wa mkono wakati wa mazoezi: ya springi inayokunjwa mtutu, ukiwa unaingiza peleti shikilia mtutu kwa mkono mwingine muda wote, maana ikifyatuka yenyewe inajikunjua kwa nguvu ya kuvunja vidole. Usiifyatue bila peleti, inaharibu springi. Ya magazini ukivuta boliti (kile kishikio cha kujazia) mara mbili inaingiza peleti mbili, jifunze kuhesabu. Na bunduki nyingi za upepo ukishaingiza peleti njia rahisi ya kuitoa ni kuipiga kwenye udongo laini, kwahiyo usijaze mpaka uko tayari. Mtutu siku zote unaelekea mahali ambapo ikitokea imefyatuka hakuna wa kuumia, na kidole kinakaa nje ya triga mpaka umeshaamua. Sefti ni ya kuongezea, usiiamini.

Hatua ya 4: Mjue unayempiga

Kindi mwekundu analindwa na sheria ya 1981 ya wanyamapori, kumpiga ni kesi kubwa na aibu kubwa zaidi. Tatizo ni kwamba rangi inadanganya, kijivu wakati wa kiangazi anapata ukahawia mwekundu ubavuni na miguuni, na mwekundu wakati mwingine anakuwa na manyoya ya kijivu kijivu mgongoni. Angalia mkia, wa kijivu una ukingo mweupe kama mwanga umeuzunguka, wa mwekundu una rangi moja. Angalia mwili, kijivu ni mnene, nusu kilo na zaidi, mwekundu ni mdogo kama gramu 300 na masikio yake wakati wa baridi yana vishungi virefu. Kama uko Cumbria, Northumberland, Anglesey au karibu na Formby, wote wawili wanaweza kuwepo, kwahiyo ukiwa na shaka hata chembe hupigi. Isle of Wight hawapo wa kijivu kabisa, huko ukiona kindi ni mwekundu, weka bunduki ndani.

Hatua ya 5: Wakati gani

Kindi halali usingizi wa baridi, anatoka mwaka mzima, sana sana alfajiri na jioni kabla ya giza. Novemba mpaka mwanzoni mwa Februari ndio raha, majani yameanguka unaona vizuri, na chakula kimepungua wanakuja kwenye chambo.

Hapa pana jambo gumu kidogo. Wanazaa mara mbili kwa mwaka, kundi la kwanza mwisho wa baridi na la pili kiangazi, na watoto wanategemea maziwa kwa wiki kama 10. Ukimpiga jike anayenyonyesha umeua na watoto walioko kwenye kiota, kwa njaa. Upande wa pili mwenye msitu anataka upige masika, kabla ya Mei mpaka Julai magome yanapobanduliwa, na kwa upande wa miti ana haki kabisa. Mimi nafanya kazi kubwa wakati wa baridi ili masika wawe tayari wachache, na miezi ya watoto napiga pale tu mwenye msitu ananionyesha uharibifu mpya. Wengine wanapiga mwaka mzima na sheria iko nao. Ila usije ukapiga risasi ndani ya kiota chenyewe, ile ya kufyatua kwenye fungu la majani juu ya mti kuona nini kitatoka. Huoni unachopiga, na nyuma yake ni anga.

Hatua ya 6: Chambo na kijificho

Kuzunguka msituni ukiwatafuta juu ya miti ni ngumu na ni hatari zaidi, sababu unapiga juu. Peleti iliyokosa juu inaenda mita mia kadhaa kabla ya kudondoka na hujui nani yuko huko. Njia ya kistaarabu ni kisanduku cha chakula. Cha mbao, mfuniko wa kuinua ambao kindi anajifunza siku moja na ndege hawezi, ndani mahindi na karanga kidogo. Kifunge kwenye shina nene usawa wa kifua chako, uhakikishe nyuma yake ni tuta la udongo au shina lingine kubwa, sio uzio, sio mawe maana peleti inaruka, sio kichaka ambacho hujui kilicho nyuma.

Acha wale bure kwa wiki moja bila kupiga. Wakishazoea, kaa mita 18 au 20 kutoka hapo, mgongo kwenye mti, wavu mdogo wa kujificha mbele yako ukitaka. Kutotikisika ndio siri, nguo za bei mbaya hazisaidii kitu kama unakuna pua kila dakika. Faida kubwa ya kisanduku ni kwamba umbali umeshaupima, kindi anatulia anakula, na unajua kilicho nyuma. Ukiona mtu, mbwa, farasi upande wowote, bunduki inashuka mpaka wapite wote na wewe uhesabu hata watoto waliobaki nyuma.

Hatua ya 7: Risasi yenyewe

Subiri akae ubavu kwako na kichwa kimetulia. Lenga kati ya jicho na mzizi wa sikio. Akiwa anakutazama uso kwa uso usipige, fuvu limelala pembe mbaya. Anayekimbia usipige, na aliye nyuma ya vijiti pia usipige, kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti kinatosha kuigeuza peleti. Kuna wanaolenga moyo na mapafu, nyuma ya mguu wa mbele, inaua pia ila kwa nguvu hii ndogo kichwa ni haraka zaidi. Ikilazimika kupiga juu kwenye mti, awe amebanwa na shina nene nyuma yake, na kumbuka ukipiga juu sana peleti inagonga juu kidogo ya unapotegemea.

Vuta pumzi, toa nusu, bana triga taratibu. Ukishapiga usiinuke. Ingiza peleti nyingine hapo hapo na endelea kumtazama kwenye darubini. Mara nyingi anatetemeka miguu sekunde kadhaa, hiyo ni mishipa tu, ila akijaribu kuinuka au kuburuta mwili piga ya pili ya kichwa mara moja, bila huruma ya kijinga ya kusubiri. Ukimfikia mguse jicho kwa kijiti kirefu, likipepesa bado yu hai. Usimshike kwa mkono mtupu kabla ya hapo, yale meno yanavunja karanga ngumu, kidole chako ni nini. Aliyejeruhiwa akapanda juu, uwindaji mwingine wote wa siku hiyo unasimama mpaka umempata au umehakikisha huwezi.

Na ukimnasa kindi wa kijivu akiwa hai kwenye mtego, sheria hairuhusu kumwachia tena porini, hata ukimwonea huruma. Ukianza habari za mitego jua kabisa unajiweka kwenye hali ya kulazimika kumuua mwenyewe kwa njia ya haraka.

Hatua ya 8: Nyama

Nyama yake nzuri, kama ya sungura ila imekaza zaidi. Vaa glovu, kupe wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme, na ukirudi nyumbani jikague nyuma ya magoti na kiunoni. Toa matumbo mapema ungali msituni. Ngozi yake imeng'ang'ana balaa, usihangaike kuanzia tumboni, kata mfupa wa mkia kwa chini bila kutoboa ngozi ya juu, kanyaga mkia, shika miguu ya nyuma uvute kwenda juu, inatoka kama shati. Sehemu peleti ilikopita kata utupe, peleti ni ya madini ya risasi (lead), ni sumu. Miguu na mgongo ndio nyama. Chemsha polepole na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu mpaka ilainike, saa moja na nusu kwa mzee, kisha malizia na tui la nazi na pilipili mbuzi. Waislamu muulize shehe wako kabla hujaingiza jikoni, kuna suala la kindi mwenyewe kama analiwa na kuna suala la aliyekufa kwa peleti kabla hajachinjwa, na majibu hayafanani kwa kila mtu.

Usiyekula mzike, usimwache njiani watoto wa watu wamkute.

Hatua ya 9: Kurudi nyumbani

Bunduki haina peleti, imo ndani ya mfuko wake, haionekani, na unaenda moja kwa moja nyumbani. Ukiwa nayo sehemu ya umma bila sababu ya msingi ni kosa, kwahiyo usipitie dukani nayo begani. Nyumbani ifungiwe kabatini na ufunguo ukae nawe, maana sheria inakulazimisha kuzuia asiyefika miaka 18 asiifikie, na watoto wa ndugu wakija wikiendi wanafungua kila kitu. Mtoto wa miaka 14 mpaka 17 anaweza kutumia kwenye ardhi binafsi yenye ruhusa, chini ya 14 lazima asimamiwe na mtu wa miaka 21 au zaidi. Peleti ziweke mbali na bunduki.

Alafu mtumie mkulima meseji: wangapi, upande gani wa msitu, umeona magome mapya yaliyobanduliwa au la, geti la chini umelifunga. Ukiona kisanduku kimebaki na mahindi wiki mbili bila kuguswa, kihamishie upande mwingine.